Lance Reddick: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Kazi na Maisha Yake

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale ambayo watazamaji wa tamthilia za Marekani huyarudia kila jina la mwigizaji huyu linapotajwa. Msomaji ambaye bado hajamaliza kutazama *The Wire*, *Bosch* au filamu za *John Wick* atahadhari, kwa kuwa baadhi ya majibu yanafichua mwisho wa visa.

## Mambo ya msingi

Lance Reddick alikuwa nani?

Lance Reddick alikuwa mwigizaji, hasa wa televisheni, na mwanamuziki wa Marekani. Alizaliwa katika mji wa Baltimore, jimbo la Maryland, tarehe 7 Juni 1962, na alifariki dunia Los Angeles tarehe 17 Machi 2023 akiwa na umri wa miaka 60. Kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa miongoni mwa sura zilizozoeleka zaidi katika tamthilia za Marekani, ingawa jina lake halikuwahi kuwa maarufu kama sura yake. Alikuwa mrefu na mwembamba, mwenye mgongo ulionyooka na sauti nzito iliyotoka taratibu, na alikuwa na namna ya kumtazama mtu iliyomfanya huyo anayetazamwa ajihisi anadaiwa maelezo.

Nina hakika nimemwona mahali, lakini sikumbuki ni wapi. Aliigiza katika nini?

Kama ulitazama *The Wire* ya kituo cha HBO (2002 hadi 2008), alikuwa Cedric Daniels, ofisa wa polisi aliyeongoza kikosi cha upelelezi. Kama ulitazama *Fringe* (2008 hadi 2013), alikuwa Phillip Broyles, mkuu wa kitengo kilichochunguza matukio yasiyoelezeka. Katika *Bosch* alikuwa Irvin Irving, kiongozi wa juu wa polisi wa Los Angeles. Katika *Lost* alikuwa Matthew Abaddon, yule mtu wa suti aliyejitokeza ghafla na kutoweka bila kueleza alikotoka. Wasiofuatilia tamthilia humjua zaidi kama Charon, mpokea wageni wa hoteli ya Continental katika *John Wick*. Wapo pia wanaoijua sauti yake tu, kwa sababu ya gemu za video. Habari za gemu hizo zimo katika jibu kuhusu kazi zake za sauti.

Kwa nini mnasema alikuwa mwigizaji wa televisheni, ilhali filamu zake ni kubwa?

Kwa sababu televisheni ndiyo iliyomjenga na ndiyo iliyomlipa mshahara kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi. Katika filamu alipewa dakika chache, na mara nyingine chini ya hapo. Katika tamthilia alipewa misimu mizima ya kumkuza mhusika mmoja. Yeye hakuwa steringi. Alikuwa mtu wa daraja la pili katika orodha ya majina, yule anayesimama nyuma ya meza wakati steringi anaingia ofisini kwa hasira, na kazi yake ni kuifanya ofisi hiyo iaminike. Kazi hiyo haina sifa nyingi magazetini, lakini ukimwondoa mtu huyo tamthilia inayumba mara moja, jambo ambalo watayarishaji wanalielewa vizuri zaidi kuliko watazamaji.

Je, hakuwahi kabisa kuwa mhusika mkuu?

Aliwahi, kwa muda mfupi. Katika *Resident Evil* ya Netflix, iliyotolewa Julai 2022, aliigiza Albert Wesker pamoja na nakala za mhusika huyo, yaani watu kadhaa wenye uso mmoja na tabia tofauti. Tamthilia hiyo, iliyopigwa picha Cape Town nchini Afrika Kusini, haikupokewa vizuri na ilifutwa baada ya msimu mmoja. Hata wakosoaji waliochoshwa na hadithi yenyewe walikiri kwamba yeye alikuwa sababu nzuri ya kuitazama. Baina ya Wesker baba mpole mwenye kuficha mambo na Wesker wa kujigamba aliyevaa miwani myeusi, mtu aliweza kuona upana wa uwezo ambao waajiri wake wengi hawakuuhitaji.

## Ujana, masomo na muziki

Alisomea nini?

Alisoma muziki kwanza. Akiwa kijana alijifunza katika shule ya maandalizi ya Peabody mjini Baltimore, kisha akaenda Eastman School of Music, chuo cha muziki cha Chuo Kikuu cha Rochester katika jimbo la New York, akisomea utunzi wa muziki wa kiklasiki. Baadaye sana, akiwa tayari mtu mzima mwenye familia, alijiunga na shule ya maigizo ya Yale na kuhitimu shahada ya uzamili mwaka 1994. Miongoni mwa waliohitimu huko mwaka huo huo ni Paul Giamatti, ambaye naye alianza kwa nafasi ndogo ndogo.

Ilikuwaje mtunzi wa muziki akawa mwigizaji?

Kwa njia ya shida. Baada ya Eastman alihamia Boston katika miaka ya 1980 akitafuta riziki kama mwanamuziki. Muziki haukumlisha, na alikuwa na mke na mtoto wa kuwatunza, hivyo akafanya vibarua kadhaa kwa pamoja, ikiwemo kusambaza magazeti. Katika kazi hiyo aliumia mgongo vibaya, na maumivu yale yakamlazimisha kufikiri upya atakavyoishi. Alikwisha kuonja jukwaa la maigizo mjini Boston, akaomba nafasi Yale, akakubaliwa.

Kwa hesabu za Hollywood alikuwa amechelewa, kwa kuwa alikuwa na umri wa karibu miaka 32 alipomaliza masomo na alikaribia miaka 40 alipompata Daniels. Mimi naona kuchelewa huko kulimfaa. Nafasi alizokuja kuzimudu zilihitaji mtu aliyekwisha kubeba majukumu, na kijana wa miaka 25 angeweza tu kuigiza uzito ambao Reddick alikuja nao kutoka nyumbani.

Je, ni kweli aliendelea na muziki?

Ndiyo. Alitoa albamu yake mwenyewe, *Contemplations & Remembrances*, na aliendelea kupiga piano maisha yake yote. Watayarishaji wa *Fringe* waliutumia ujuzi huo katika msimu wa pili, katika sehemu iliyotengenezwa kwa mtindo wa hadithi za kipelelezi za zamani zenye nyimbo: Broyles, ambaye watazamaji walimzoea kama mkuu wa ofisi asiyetabasamu, anaonekana akiwa mpiga piano.

Mafunzo hayo ya muziki yana uhusiano wowote na uigizaji wake?

Yana uhusiano mkubwa, na msikilizaji makini atauona bila kuambiwa. Mtunzi wa muziki hujifunza kwamba kimya kina urefu wake, na kwamba noti iliyocheleweshwa kidogo huwa na nguvu kuliko iliyopigwa kwa sauti kubwa. Mtazame Reddick katika tukio lolote la mabishano. Mwenzake anapopandisha sauti, yeye huishusha. Mwenzake anapoharakisha maneno, yeye huyapa nafasi. Akisema neno la mwisho wa sentensi hulimalizia kabisa, bila kulimeza, na baada yake huacha pengo ambalo mwenzake hujikuta akilijaza kwa kujieleza au kwa kukosea.

Hatari ya mtindo huo ni kwamba unaweza kugeuka mazoea, na kuna kazi zake, hasa za filamu za mapambano, ambamo alipewa mistari miwili ya kutoa amri, akaitoa kwa namna ile ile aliyoitoa mahali pengine. Alipopewa maandishi mazuri, utulivu ule ule ulibeba mambo tofauti: kwa Daniels ulikuwa hasira iliyozuiwa, kwa Irving ulikuwa hesabu za kisiasa, na kwa Charon ulikuwa adabu ya mtu anayejua siri za kila mgeni.

## Kazi za televisheni

Alianza na nafasi za aina gani?

Kama waigizaji wengi wa New York, alianza kwa kuonekana mara moja moja katika tamthilia za polisi za miaka ya 1990. Hatua ya kwanza kubwa ilikuwa mwaka 2000, katika *The Corner* ya HBO, tamthilia fupi iliyoongozwa na Charles S. Dutton kutokana na kitabu cha David Simon na Ed Burns kuhusu mtaa mmoja wa Baltimore ulioharibiwa na dawa za kulevya. Humo Reddick aliigiza mmoja wa waathirika wa dawa hizo. Anayemjua kwa suti na tai atashangaa kumwona amekunjamana, akitafuta namna ya kuipitisha siku.

Baada ya hapo akaingia *Oz*, tamthilia ya gereza ya HBO, kama Johnny Basil, mpelelezi anayejipenyeza gerezani kwa jina la Desmond Mobay na kujifanya Mjamaika. Ili aaminiwe na wafungwa analazimika kutumia dawa, kisha kuua, na mwisho hakuna tena mpaka kati ya askari na mtu aliyekuwa akijifanya kuwa. Wanaotaka kujua Reddick aliweza nini kabla hajapewa sare waanzie hapo.

Kwa nini watu wengi husema Cedric Daniels ndiye mhusika wake bora?

Kwa sababu alipewa muda wa kutosha, maandishi bora na mji anaoujua. *The Wire* ilitungwa na David Simon, aliyekuwa mwandishi wa gazeti la *Baltimore Sun*, akishirikiana na Ed Burns, aliyekuwa mpelelezi wa polisi na mwalimu wa shule. Ilipigwa picha Baltimore, mahali alipozaliwa Reddick, na ilikuwa na sehemu 60 katika misimu 5. Daniels anaanza kama luteni anayekabidhiwa kikosi cha watu ambao idara nyingine hazikuwataka. Wakubwa wake wanataka kesi ndogo, picha za magazeti na kimya. Yeye naye anataka cheo, na mwanzoni anaelekea kutii.

Kinachofuata ni mmoja wa mikasa iliyojengwa polepole zaidi katika televisheni. Daniels anagundua kwamba kesi ya Barksdale, genge la wauza dawa za kulevya, ni ya kweli, na kwamba kuifuata kutamharibia. Anaifuata hata hivyo, na adhabu yake ni kupelekwa chini ya ardhi kutunza vielelezo. Baadaye anapanda tena: meja, kanali, hatimaye Kamishna wa Polisi. Wakati wote huo kuna faili la zamani kuhusu miaka yake katika wilaya ya mashariki, wakati ambapo fedha zisizoelezeka zilipita mikononi mwa maofisa, na faili hilo linazunguka mezani kwa wanasiasa likisubiri siku ya kutumika.

Siku hiyo inafika anapotakiwa apike takwimu za uhalifu ili meya apate sifa. Anakataa, kisha anajiuzulu kimya kimya ili faili lile lisiwaangamize pia watu walio karibu naye, na mara ya mwisho tunamwona mahakamani akiwa wakili wa utetezi. Reddick hakumfanya Daniels mtakatifu. Uchafu wa zamani uko usoni mwake tangu msimu wa kwanza, na ndiyo maana uadilifu wake wa baadaye una uzito: ni wa mtu anayejua bei ya upande wa pili.

Je, ni kweli kwamba aliitwa kwa ajili ya nafasi nyingine katika The Wire?

Ni kweli. Alifanyiwa majaribio pia kwa nafasi za Bunk na Bubbles kabla ya kupewa Daniels. Bunk, mpelelezi mwenye maneno mengi, akachukuliwa na Wendell Pierce. Bubbles, mtoa habari aliyenaswa na dawa, akachukuliwa na Andre Royo. Uwezekano wa Bubbles haukuwa wa ajabu kwa mtu aliyetoka kuigiza katika *The Corner*. Waigizaji kadhaa wa tamthilia ile walirudi kwa Simon katika sura mpya, akiwemo Clarke Peters, aliyetoka kuwa mwathirika wa dawa na kuwa mpelelezi Lester Freamon.

Kwa nini hakupata tuzo ya Emmy?

*The Wire* nzima, kwa misimu yake yote 5, iliteuliwa kuwania Emmy mara 2 tu, zote kwa uandishi, na haikushinda hata moja. Hakuna mwigizaji wake aliyeteuliwa kwa kazi hiyo. Watazamaji wake walikuwa wachache wakati inarushwa, na sifa inayotajwa leo ilikuja zaidi kupitia diski na baadaye mtandao. Sababu ya pili inamhusu Reddick mwenyewe: tuzo hupenda machozi na hotuba ndefu, na yeye alijulikana kwa kuzuia.

Phillip Broyles wa Fringe ana tofauti gani na Daniels?

Kwenye karatasi ni watu wa aina moja, maana wote wawili ni wakuu wa kikosi wanaobanwa na wakubwa wa juu. Tofauti iko katika dunia inayowazunguka. *Fringe*, iliyotungwa na J. J. Abrams, Alex Kurtzman na Roberto Orci kwa ajili ya Fox, ilikuwa na sehemu 100 zilizojaa wagonjwa wanaoyeyuka, milango ya kuingilia ulimwengu mwingine, na mwanasayansi anayekula peremende juu ya maiti. Katikati ya vituko hivyo Broyles alikuwa nanga. Yeye alipokisadiki kioja, mtazamaji naye alikisadiki.

Ulimwengu wa pili wa tamthilia hiyo ulimpa Reddick nafasi ya kumwigiza Broyles mwingine, kanali mwenye mke na watoto ambao hawakupotezwa na kazi. Kwa mwendo na macho tu unaweza kumtofautisha na yule wa kwanza, kabla hajafungua kinywa.

Na Irvin Irving wa Bosch?

Katika riwaya za Michael Connelly, Irving ni Mzungu, na kwa sehemu kubwa ni kikwazo cha mpelelezi Harry Bosch. Reddick alimgeuza kuwa mtu wa kumhurumia na kumwogopa kwa wakati mmoja. Mwanawe, ambaye pia ni polisi, anauawa, na kuanzia hapo kila uamuzi wa kisiasa anaoufanya unatoka kwa baba aliyefiwa ambaye haruhusiwi kulia kazini. Tamthilia hiyo iliendelea kwa misimu 7 hadi mwaka 2021. Wapenzi wa *The Wire* walifurahi pia kumwona humo Jamie Hector, aliyekuwa Marlo, jambazi baridi aliyewindwa na kikosi cha Daniels, sasa akiwa mpelelezi chini ya mamlaka ya Irving.

Kwa nini karibu kila mara alipewa upolisi au uongozi?

Sababu ya kwanza ni soko. Tamthilia za Marekani zimejaa vituo vya polisi, na kila kituo kinahitaji mkubwa. Mtu akishafanikiwa katika nafasi moja, wanaotafuta waigizaji humpigia simu kwa nafasi iliyo pacha wake, kwa kuwa kazi yao ni kupunguza wasiwasi wa mtayarishaji. Baada ya Daniels walikuja ofisa wa FBI katika *CSI: Miami*, kisha Broyles, kisha mkurugenzi katika *Intelligence*, kisha Irving, pamoja na majenerali na wakuu wa ulinzi wa rais katika filamu.

Sababu ya pili inahusu rangi, na haifai kurukwa. Kwa miongo mingi mwigizaji mweusi wa Marekani aliyetafuta kazi kwenye televisheni alipewa mhalifu au mwathirika wa dawa, na baadaye akaongezewa bosi mweusi wa kituo, mtu mwenye cheo lakini asiye na maisha nje ya ofisi yake. Cheo hicho kilikuwa heshima na pia kilikuwa kizuizi. Alichokifanya Reddick ni kukataa kumwacha bosi huyo awe mlango wa kupitishia habari tu: Daniels alikuwa na ndoa iliyovunjika, Broyles alikuwa na familia iliyoondoka, Irving alikuwa na kaburi la mwanawe, na yote hayo alikuja nayo hadi kwenye matukio ambayo waandishi hawakuyataja.

Je, aliwahi kuchekesha?

Sana, na kwa makusudi. Katika *Corporate* ya Comedy Central (2018 hadi 2020) alikuwa Christian DeVille, mkurugenzi mkuu wa kampuni isiyo na huruma, na alizungumza maneno ya kipuuzi kwa uzito ule ule wa Daniels. Katika kipindi cha mchekeshaji Eric Andre alipiga meza kwa ngumi na kulalamika kwa sauti nzito kwamba anatamani angekuwa mwigizaji LeVar Burton, kisha akarudi amevalia kama yeye. Video hiyo fupi imetazamwa na watu wengi wasiojua hata tamthilia moja aliyoigiza.

## Filamu na kazi za sauti

Charon ana dakika chache tu. Kwa nini anapendwa hivyo?

Kwa sababu hoteli ya Continental ni wazo lisiloaminika, yaani hoteli ya wauaji ambamo kuua ni marufuku, na yeye ndiye anayelifanya liaminike kila anapompa mgeni ufunguo kwa heshima ya mtu anayeulinda mkataba. Katika filamu ya kwanza, ya mwaka 2014, Charon hufanya kazi mezani tu. Ya tatu ikamtoa mezani na kumpa bunduki, na umati wa watazamaji ukashangilia kwa kuwa ulishamsubiri. Katika ya nne mhusika huyo anauawa mapema, na kifo chake ndicho kinachomsukuma rafiki yake Winston katika sehemu iliyobaki ya hadithi. Jinsi jambo hilo lilivyogongana na msiba wa kweli limeelezwa katika jibu kuhusu kazi zilizotoka baada ya kifo chake.

Alitia sauti katika gemu zipi?

Maarufu zaidi ni *Destiny*, ambamo kuanzia mwaka 2014 alikuwa Kamanda Zavala, na *Horizon Zero Dawn* ya mwaka 2017 pamoja na mwendelezo wake, ambamo alikuwa Sylens, mtafiti mjanja aliyepewa pia uso wa Reddick. Alikuwemo vilevile katika *Quantum Break* (2016). Kwa upande wa katuni alisikika katika *DuckTales*, *Castlevania* na *The Legend of Vox Machina*.

Kinachomtofautisha na waigizaji wengine maarufu wanaoingia studio, kusoma na kulipwa ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa mchezaji wa *Destiny*. Alizoea kujirekodi nyumbani akisoma maneno ambayo wachezaji walimwomba ayaseme kwa sauti ya Zavala, akayaweka mtandaoni bila malipo.

Je, ana kazi yoyote inayohusiana na Afrika Mashariki?

Ipo moja ambayo husahaulika. Katika filamu *I Dreamed of Africa* ya mwaka 2000, iliyoongozwa na Hugh Hudson na kumhusu Kuki Gallmann, mwanamke wa Kiitalia aliyehamia Kenya na kuishi Laikipia, Reddick aliigiza Simon, Mwafrika anayefanya kazi nyumbani kwa familia hiyo. Filamu hiyo haikufanikiwa, na Wakenya wa hadithi yake wamebaki pembezoni mwa maisha ya wageni. Nafasi ya Simon ni ndogo kuliko uwezo wa aliyeiigiza.

## Maisha binafsi na kifo

Alikuwa na familia?

Alioa mara mbili na alikuwa na watoto wawili, binti na mwana. Mara ya pili alioa mwaka 2011, na mkewe huyo ndiye aliyewashukuru mashabiki hadharani baada ya msiba, akiwataja pia wachezaji wa *Destiny*. Reddick alipenda mbwa, na alionekana nao mara kwa mara katika picha alizozisambaza. Zaidi ya hayo aliiweka familia yake mbali na kamera, na hapa hatutaivuta karibu.

Alikufa kwa ugonjwa gani?

Alifariki ghafla nyumbani kwake, eneo la Studio City, Los Angeles. Msemaji wake alisema siku hiyo kwamba ni kifo cha kawaida. Cheti cha kifo kilichojulikana baadaye kilitaja ugonjwa wa moyo unaotokana na upungufu wa damu kwenye misuli ya moyo, pamoja na kuziba kwa mishipa ya moyo. Wakili wa familia alipinga maelezo hayo, akieleza kwamba uchunguzi wa maiti haukufanywa na kwamba marehemu alifanya mazoezi kila siku na kuwa mwangalifu mno katika chakula. Msomaji azingatie kwamba mabishano yako hapo tu, kati ya cheti na familia. Madai mengine yanayozunguka mitandaoni hayana msingi.

Familia iliomba mashabiki wafanye nini?

Wanaotaka kumkumbuka waliombwa wachangie MOMCares, shirika la Baltimore linalowasaidia akina mama.

## Maswali ya pembeni

Ni kazi zipi zilitoka baada ya kifo chake?

*John Wick: Chapter 4* iliingia kumbi za Marekani tarehe 24 Machi 2023, wiki moja kamili baada ya kifo chake, na mwongozaji Chad Stahelski pamoja na steringi wake, Keanu Reeves, walitangaza kwamba wanaiweka wakfu kwa kumbukumbu yake. Watu walioketi kumtazama Charon akifa walikuwa wametoka kusoma habari za msiba, na hakuna mwongozaji ambaye angeweza kupanga jambo zito kiasi hicho. Mwaka huo huo ikatoka *White Men Can't Jump*, ambamo ni baba wa mchezaji wa mpira wa kikapu, na *The Caine Mutiny Court-Martial*, ambamo anaongoza mahakama ya kijeshi. Hii ya pili ilikuwa pia filamu ya mwisho ya mwongozaji William Friedkin, aliyefariki Agosti 2023 kabla haijaonyeshwa. Mapema mwaka 2024 akaonekana kama Zeus katika *Percy Jackson and the Olympians*, na mwaka 2025 Charon akarudi kwa mara ya mwisho katika *Ballerina*.

Nani anatia sauti ya Zavala sasa?

Keith David, mkongwe mwingine mwenye sauti nzito, aliichukua nafasi hiyo kuanzia toleo la *The Final Shape* la mwaka 2024. Siku za msiba, wachezaji walikusanyika kwa mamia mahali Zavala anaposimama ndani ya gemu, wahusika wao wakipiga saluti au kupiga magoti mbele yake.

Je, aliwahi kuwa polisi au askari kabla ya kuigiza?

Hapana. Dhana hiyo imezaliwa na sare alizovaa. Historia yake ya kazi kabla ya jukwaa imeelezwa katika jibu la jinsi mtunzi wa muziki alivyokuwa mwigizaji.

Ndiye aliyeigiza Mr. Eko, kasisi Mnigeria wa Lost?

Hapana, ila swali hili lina mzizi. Watayarishaji wa *Lost* walimtaka Reddick kwa ajili ya Mr. Eko, lakini alikuwa amefungwa na ratiba ya *The Wire*, na nafasi ikaenda kwa Adewale Akinnuoye-Agbaje, Mwingereza mwenye asili ya Nigeria, ambaye naye alikuwa ametoka katika *Oz*. Reddick aliingia *Lost* katika msimu wa nne kama Abaddon, na hata hapo hakukaa, maana *Fringe* ilikuwa imeshamwajiri. Ndiyo sababu mhusika aliyeonekana kuandaliwa kwa mambo makubwa anapigwa risasi na kuondoka katika msimu wa tano baada ya kuonekana mara chache tu.